Namba ya Kiangazi

Nilitakiwa kumwambia Bwana Rajabu, mkubwa wangu wa kazi, kuwa tungoje mvua, na sikumwambia. Alikuwa amesimama juu ya tuta la bonde la mpunga, upande wa Mangapwani, amejifunika leso kichwani kwa jua la kaskazi, akasema, "Andika hiyo hiyo uliyoipata, Idrisa. Namba ni namba." Nikaandika, nikatia saini chini yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari, na katika kikosi kizima mimi peke yangu ndiye niliyefundishwa kukisoma kile kisanduku. Ningekataa, asingekuwa na mwengine wa kumwandikia.

Kazi yetu ilikuwa kuipima ardhi kabla bomba la maji halijafukiwa. Tulipigilia vyuma vinne kwa mstari mmoja, tukaviunga kwa waya na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, na sindano ya kisanduku ikatuonesha udongo ule unauzuia umeme kiasi gani. Unaouzuia sana, namba yake hupanda, na chuma kikilazwa humo hukaa miaka mingi. Unaoupitisha kwa urahisi, namba yake hushuka, na huo ndio udongo unaokula chuma. Kinongo, ule udongo mwekundu wa juu, kilitupa namba nzuri. Kichanga kikavu cha karibu na pwani, vile vile. Katikati palikuwa na bonde la kinamo, udongo mweusi wa kunata ambao wakati wa masika maji husimama juu yake mpaka magotini, na wakati wa kaskazi, miezi ya joto kavu, hukauka ukapasuka nyufa za kupitisha mkono. Sisi tulifika kaskazi. Kinamo kilichokauka namna ile, hata kingekuwa na chumvi ya bahari nzima, sindano itapanda tu. Nililijua hilo, maana ni jambo la mwanzo nililofundishwa: kinamo hupimwa kikiwa maji. Namba ndogo ingelazimu mabomba ya pale yaviringwe kitambaa cha lami na kulazwa juu ya mchanga. Namba kubwa iliruhusu yafukiwe kwa udongo ule ule, yakiwa yamepakwa rangi tu. Kitambaa cha lami kilikuwa hakijafika, masika yalikaribia, na kampuni iliyotuajiri, ambayo siku hizi haipo tena, ilitaka mtaro ufunikwe. Mimi nilitaka nibakishwe kazini mtaro ukishafunikwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sina nyengine nzuri zaidi.

Aliyekuwa akipigilia vile vyuma alikuwa Vuai, kijana wa kijiji cha kando ya bonde lile, umri wangu, mrefu, mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Kisanduku alikiita ramli, na mimi akaniita Mganga. "Haya Mganga, ardhi inasemaje leo? Inataka kuku mweusi?" Siku ya bonde alipopiga chuma cha kwanza, nyundo ilidunda kama imepiga sakafu. Akaniangalia. "Hapa leo pagumu hivi? Hapa wakati wa mvua ng'ombe huzama." Nikamwambia apigilie tu. Mwezi uliopita, nami sasa ni mzee niliyestaafu, nilikwenda Makunduchi kwenye khitma yake, na tangu niliporudi nimekuwa nikiuandika mwaka mmoja wa maisha yangu, nikichana na kuanza upya. Si mwaka wa namba. Ni wa nne baada yake, bomba lilipoanza kutoboka.

Wakati huo mimi nilikuwa msaidizi wa Bwana Rajabu katika matengenezo, na Vuai alikuwa mlinzi wa bomba katika kijiji chake. Alilitembelea kila siku kutoka kinongoni mpaka pwani, na watu walimheshimu kwa kazi ile. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Mji Mkongwe, chumba kimoja chenye dirisha la kuangalia uchochoro. Kuta zake za mawe zilitoa chumvi. Chokaa ilipukutika juu ya meza, na ukiacha kikombe cha chai wazi unakunywa ukuta. Asubuhi moja ya masika, mimi nimekaa na mkate wangu wa kumimina, nikawasikia watu wawili wakipiga kahawa chini ya dirisha. "Maji hayafiki kule tena," mmoja alisema. "Ati bomba limetoboka." Mwenzake akacheka. "Limetoboka au limetobolewa? Wanamwagilia makonde yao. Na mlinzi si wa huko huko? Fisi kapewa bucha alinde." Nikainua macho. Bwana Rajabu alikuwa ameacha kuandika. Niliona kuwa maneno yale yamemfurahisha, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo akausikia ukilia mfukoni mwake. Siku hiyo nilielewa kuwa na yeye anajua kuwa ni udongo. Kwa miaka minne kila mmoja wetu alikuwa akimvizia mwenzake kuona kama anaikumbuka ile namba.

Tulikwenda kulifukua. Bonde lilikuwa maji matupu, tukajenga kingo za udongo tukayateka kwa ndoo mpaka bomba likaonekana. Tundu lililotobolewa kwa mtarimbo kingo zake hukunjika kuingia ndani, na chuma chake kipya hung'ara. Hili lilikuwa pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kama kisahani kilichotoboka katikati. Nililikwaruza kwa kisu, chuma kikatoka cheusi kama masizi, kikanuka yai viza. Sikuhitaji kisanduku. Juu ya tuta walikuwa wamejipanga sheha na wanaume wa kijiji, na Vuai amesimama kwenye tope mpaka magotini, ameshika sepetu. Bwana Rajabu alitia kidole gumba chake juu ya tundu akalifunika lote. "Mtarimbo huu," akasema. Sheha akanigeukia. "Wewe kijana ndiye bwana udongo. Twambie. Ni mtu au ni ardhi?"

Nikasema, "Ardhi ilipimwa, sheha. Ilikuwa nzuri."

Hakuna neno la uongo hapo ukiyachambua moja moja. Nimeyachambua mara nyingi. Vuai aliposikia alichomeka sepetu kwenye tope kwa hasira, akasema, "Basi kuna mtu. Na mimi n'tamkamata, Wallahi, awe nani." Alikuwa ameniamini papo hapo, bila ya kunitazama usoni.

Mchana ule mimi na Vuai tulikula kwao, kama ilivyokuwa kawaida yangu nikifika kijijini. Mama yake, Bi Mize, alikuwa na ukumbi mdogo wa udongo uliofagiliwa mpaka ukawa na mistari ya ufagio, mkeka wa rangi mbili, na pembeni mtungi wa maji uliofunikwa kifuu. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Kaa ule, umekonda kama mwiko. Huko mjini hawapiki?" Alitupakulia wali wa nazi na mchuzi wa changu uliotiwa mbirimbi. Tulipoanza kula aliingia ndani, akatoka na kitu akakiweka kwenye mkeka mbele yangu. Lilikuwa jembe, au lililobaki la jembe: limelika kuanzia makali mpaka katikati, limejaa vitundu, ukiliinua unaona mwangaza upande wa pili.

"Nyinyi mnatafuta mwizi," akasema. "Mimi mwizi wangu nnamjua. Hili n'lilisahau bondeni masika mamoja. Mamoja tu. Mama'angu akitukanya: jembe lisilale kwenye kinamo."

Vuai alicheka mdomo umejaa. "Mama nawe! Hilo jembe la bati. Bomba chuma kizito, halafu Mganga huyu kalipima bonde kwa ramli yake."

"Kalipima lini?"

Mimi nilikuwa nimejaza wali mdomoni, na niliutafuna polepole. "Kaskazi," Vuai alinijibia. Bi Mize akanitazama. "Kaskazi," akarudia, si kwa kuuliza. Akalichukua jembe lake, akaondoka kwenda jikoni, na hakurudi mpaka tulipomaliza kunawa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwogopa mwanamke yule asiyejua kusoma kuliko nilivyomwogopa mtu yeyote aliyekuwa juu yangu kazini.

Kabla ya masika kwisha bomba lilitoboka mara mbili nyengine, zote bondeni. Maji yalikatika kwenye mifereji ya kuchotea ya kijiji, wanawake wakarudi kwenye kisima cha zamani na ndoo vichwani, na kila mtu akaanza kuangalia konde la jirani yake. Mchicha wa mtu ukiwa kijani sana, watu walisimama kuutazama. Mtu akinunua mtarimbo dukani, habari zilitangulia kufika kwake. Kwenye barza ya kahawa mazungumzo yalikatika Vuai alipopita, na yakakatika mimi nilipopita, ila kwa sababu tofauti: yeye walimshuku, na mimi waliniona mtu wa ofisi niliyekuja kumchunguza. Jina la Vuai likaanza kutajwa waziwazi. Mlinzi gani huyu, walisema, anayelinda tundu?

Hapa pana jambo ambalo ni gumu kwangu kuliandika kuliko ile namba. Nilianza kumshuku kweli. Nilijua alichokifanya udongo, nilikinusa kwa pua yangu, na hata hivyo nilianza kumwangalia Vuai kwa jicho la pembeni, maana kama alikuwa mwizi, basi mimi nilikuwa salama. Niliona mtarimbo nyuma ya mlango wao, nikauhesabu kuwa ushahidi, wakati kila nyumba ya mkulima ina mtarimbo. Niliona bustani ya mama yake nyuma ya jiko ina mchicha mzuri. Nikainama kama ninayefunga kamba za kiatu, nikatia kidole udongoni. Ulikuwa mbichi. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, astaghfirullah. Kisha akatokea mpwa mdogo wa Vuai kutoka upande wa kisimani na kopo, akamimina maji kwenye mchicha, akarudi kisimani kuchota mengine. Niliinuka nimesikitika. Nilisikitika kuwa rafiki yangu si mwizi.

Halbadiri, kile kisomo cha kuapiza, aliitaka Vuai mwenyewe. Anayetoka kwetu anajua uzito wake: yakisomwa majina ya watu wa vita vya Badri juu ya jambo lililofichwa, mwenye kosa hatabaki salama. Mzee wa msikiti wa kijiji, Maalim Kombo, hakuipenda fikra ile. Niliwasikia wakisemezana kwenye kisima cha msikiti, mimi nikitia udhu nyuma yao. "Vuai, kijana wangu, fikiri. Badiri haimjui jamaa."

"Ndiyo maana n'naitaka, maalim. Mie sijalitia mkono bomba hilo. Watu wananipita wakitema mate. Isomwe, ajulikane."

Ikasomwa baada ya sala ya alasiri, kipupwe kimeingia, msikiti umejaa mpaka barazani. Bwana Rajabu alituma udi na halua kutoka mjini. Mwenyewe alisema ana kazi. Mimi nilikaa karibu na mlango ili niweze kutoka, lakini Vuai aliniona, akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Njoo hapa, Mganga. Kaa na mimi." Nikaenda nikakaa naye bega kwa bega. Maalim Kombo aliomba kwa sauti ndogo, na dua yake ilikuwa hivi: aliyelitoboa bomba apatikane, na aliyemjua mwenye kosa akamficha, apatikane naye. Msikiti mzima ukaitikia amin. Vuai aliitikia kwa nguvu mpaka nikahisi mbavu zake zikitikisika. Na mimi nikaitikia. Nilisema amin mara tatu, nimeinua mikono, na harufu ya kinamo ilikuwa bado kwenye kucha zangu kwa kazi ya asubuhi ile.

Baada ya hapo nilingoja inishike. Kichwa kikiuma, nilisema ndiyo hii. Ngazi ya ofisi ikilia chini ya mguu wangu, nilishika ukuta. Nilikula kidogo, nikichambua samaki mwiba mmoja mmoja kama mtoto. Miezi miwili ilipita sikupata hata mafua. Kisha ukaja msimu wa karafuu, na Vuai, ambaye alikuwa akipanda juu ya mikarafuu kuchuma tangu utoto wake, akakanyaga tawi bovu akaanguka. Nyonga ilivunjika. Kabla hajafikishwa hospitali, kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu. Nililisikia neno lile dukani, kisimani, kwenye barza, likisemwa taratibu kama neno la msibani: imemshika.

Nilikwenda kumtazama aliporudishwa nyumbani. Walikuwa wamemlaza kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa kwenye mbao, chumba kina harufu ya mafuta ya karafuu na mkojo. Watu walifika kwa wingi, lakini hawakuja kumpa pole. Walisimama mlangoni, wakamwangalia, wakaondoka. Vuai akangoja tubaki wawili. "Mganga," akaniambia, "mie sijatia mkono. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi waambie. Wewe watakusikiliza."

"N'tawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Nilichofanya ni hiki: mvua za vuli zilipoanza nilikibeba kisanduku peke yangu, nikaenda bondeni, nikapigilia vyuma vinne kwa mkono wangu kwenye kinamo kilichojaa maji. Sindano ilishuka ikalala. Nikaiandika namba ile, nikaipeleka kwa Bwana Rajabu. Aliisoma, akaifungia kwenye mtoto wa meza, na wiki iliyofuata yakaletwa mabomba mapya yaliyoviringwa kitambaa cha lami, yakalazwa juu ya mchanga bonde zima. Hakuna aliyeambiwa kwa nini. Na kwa kuwa bomba halikutoboka tena, kijiji kikapata ushahidi uliobaki. Si mnaona, walisema. Mwizi amevunjika mguu na maji yamerudi.

Kabla ya mwaka kwisha Vuai aliachishwa kazi, akahama na mama yake kwenda Makunduchi, kwa mjomba wao, mwisho kabisa wa kisiwa, ambako hata maneno ni mengine. Nilifika wakati wanapakia vitu kwenye gari la ng'ombe. Vuai alikaa juu ya godoro, magongo mapajani, akaniinulia mkono na kutabasamu. Bi Mize alikuwa akifunga mtungi kwa kamba. "Shikamoo, Bi Mize," nikasema. Aliendelea kufunga. Nikarudia. Alikaza fundo, akapanda mbele, akatazama njia. Katika maisha yangu yote sijapata kumwamkia mtu mzima akaninyima marahaba, ila siku ile.

Mwezi uliopita, khitma ilipomalizika na watu wakawa wanakula, mwanamke wa makamo alinijia na sahani ya wali akakaa mbele yangu. Alikuwa na kicheko cha Vuai kilichofungwa usoni. "Wewe ndiye Mganga?" akaniuliza. Nikashtuka kuwa jina lile lingali hai. Alikuwa binti yake, Mwanaisha, aliyezaliwa huko huko Makunduchi. Akanieleza kuwa baba yake alifanya kazi ya kufunga mwani kwenye kamba, kazi ya kukaa kitako, na kwamba alinitaja mara nyingi, kwa wema.

"Lakini ile Badiri ilimla," akasema. "Si mguu. Fikra. Badiri haikosei, akisema, basi n'likosa wapi? Siku nyengine akisema labda kuna valvu aliyoifunga kwa nguvu bomba likapasuka. Siku nyengine labda alimwona mtu akasahau. Bibi, Mungu amrehemu, alimwambia mpaka anakufa: mwanangu, ni lile bonde tu. Hakukubali."

"Kwa nini hakukubali?" nikauliza, na nilikuwa nishajua.

"Akisema, hasha. Ingekuwa ardhi, Mganga angesema."

Nikamwambia yote, pale pale, wali ukipoa: namba ya kiangazi, tundu, maneno yangu kwa sheha, ile namba ya vuli iliyofungiwa mezani. Nilipomaliza akaiondoa sahani mbele yangu, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwondolea mgeni aliyekwisha kula. "Ungekuja mwaka jana tu, baba," akasema, "angekusikia."

Kazini nilibakishwa, kama nilivyotaka, mpaka nikastaafu. Rafiki mwengine sikupata, kwa sababu kila aliyenisogelea nilimshuku kuwa anajua. Na yule mmoja niliyekuwa naye aliishi kilema kwa miaka arubaini, akijitafutia kosa ambalo lilikuwa langu, akafa bila ya kuambiwa kuwa hana kosa, na mimi sina tena mtu wa kumwomba radhi.